Ukurasa wa Sita wa Barua Niliyomwandikia Dada Yangu

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu katika ile barua ya kurasa tisa niliorodhesha makosa ya kila mtu, langu tu halikupata nafasi.

Jina langu niachieni. Newala tunajuana, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa. Nikijitaja, kidato cha tatu hawatanipa amani. Jueni tu kwamba mtaani kwetu mimi ndiye mtu wa barua. Anayeomba kazi, anayegombana na mwenye nyumba, anayeposa binti wa watu, wote huja kwangu. Sifa hizo ndizo zilizoniponza.

Mdogo wangu, Mama Asumini, aliachana na mumewe, fundi seremala wa Masasi. Binti yao Asumini, wa darasa la pili, akabaki Masasi kwa baba yake. Miezi ikapita, dada kimya. Aliposikia yule bwana anataka kuoa, ndipo akaja kwangu analia, anamtaka mwanawe.

"Kaka, niandikie barua ya ustawi wa jamii," akasema. "Iandike mpaka wakisoma wakose la kuuliza."

Mtu mwenye akili zake angesema, kaa chini na mwenzio mzungumze. Mimi nikasema nipe wiki mbili nifanye utafiti.

Jamani, utafiti! Nilinunua daftari la jalada gumu. Nikaenda Chilangala, kijijini kwa mke wangu, nikawakalisha wazee wanieleze mila. Wakanieleza vizuri: sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Nikaandika. Wakaongeza kwamba mjomba mwenye kauli ndiye mwenye mzigo vilevile, na kwamba baba naye ana lake. Hapo kalamu yangu ikapumzika.

Nikaisoma na Sheria ya Mtoto. Inataka manufaa ya mtoto yatangulie, tena inataka mtoto mwenyewe asikilizwe. La manufaa nikalinukuu kwa mbwembwe. La kumsikiliza nikaliruka, maana mtoto wa darasa la pili anajua nini?

Kisha nikaenda Masasi kuchunguza. Jirani wa yule fundi, mama mmoja muuza vitumbua, akanipa kigoda na kikombe cha chai.

"Huyu baba mwanawe anamsuka mwenyewe, mwalimu," akaniambia. "Mwanzo tulikuwa tunamcheka, sasa sisi ndio tunampelekea wetu. Akienda kununua mbao tu ndiyo ananiachia mimi hapa, nusu saa."

Nikaandika: "Mtoto huachwa kwa majirani."

Si uongo, ndugu yangu. Ni ukweli nilioupiga randa mpaka ukabaki ninaoutaka. Chai ya yule mama niliinywa nikaimaliza.

Lakini fahari yangu ilikuwa ukurasa wa sita. Niliandika hivi: "Kwa mila yetu, baba ni mgeni mheshimiwa kwa watoto wake. Hupewa kiti, hupewa maji ya kunawa, hupewa kuku. Lakini mwenye watoto ni mjomba, na neno lake ndilo la mwisho." Nilipomaliza nilijisomea kwa sauti, nikaona kweli Mungu ana vipaji anavyogawa.

Nikampa mke wangu asome. Mama Sauda alikuwa anachambua mbaazi. Akausoma ukurasa wa sita, akaurudia.

"Baba Sauda, hili unaliamini?"

"Kila neno."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mbaazi zake.

Nimefundisha uhakiki miaka mingi, nawauliza watoto wa watu mhusika huyu alikuwa na maana gani aliposema vile. Ile "haya" ya mke wangu sikuihakiki.

Siku ya kikao ofisi ya ustawi, afisa alisoma barua yote, akavua miwani.

"Mtoto mwenyewe mmemuuliza?"

Nikamjibu kwamba suala la mtoto limefafanuliwa kwa kina ukurasa wa tatu. Baba Asumini alikaa pembeni, kofia mkononi, vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi. Akaomba asomewe. Nilipomsomea, aliigeuzageuza kofia yake.

"Shemeji, maneno haya mimi siyawezi," akasema. "Kama nimekosa, niambieni tu nimekosa wapi."

Hakuna aliyemwambia. Afisa akamweleza kwamba halazimishwi, anaweza kwenda mahakamani. Akatikisa kichwa, akasema hataki mtoto aone wakubwa wanaburuzana, akatia saini. Nje akanikabidhi mfuko wa nguo za binti yake, na juu yake chanuo na kichupa cha mafuta.

"Ukimchana anzia nchani, shemeji. Ukianzia kwenye ngozi analia."

Nikamwambia hilo mama yake atalijua. Nilikuwa nimeshinda, sikuwa na muda wa habari za chanuo.

Mama yake alikaa naye wiki tatu. Akapata kibanda cha biashara Mtwara, akamleta kwangu na ule mfuko wake.

"Nikitulia nitamchukua, kaka. Si uliandika mwenyewe kwamba mwenye mtoto ni mjomba?"

Mtoto akaingia nyumbani kwangu, maana yake mikononi mwa Mama Sauda. Yeye ndiye akamwogesha, akamfulia, akamtafutia maji, na maji ya Newala mnayajua. Mimi nilishika kauli. Niliamua asome shule gani na avae viatu gani, kisha nikarudi kusahihisha insha.

Jioni moja mke wangu aliniomba kitu kimoja tu, nimchane Asumini nywele wakati yeye anasonga ugali. Nikamwambia kuna mtu anasubiri barua yake.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikamkuta Asumini peke yake kizingitini kwa jirani. Mke wangu alikuwa ameondoka na Sauda wetu, binti wa miaka tisa, kipenzi changu, amempeleka Chilangala kwa kaka yake, mjomba wa Sauda.

Nikadandia bodaboda nimevimba kama chatu. Nilipofika nikamwamkia yule shemeji yangu mkubwa, mkulima wa korosho.

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

Mkononi alikuwa na barua yangu. Mama Sauda aliitoa kopi wiki ileile niliyompa asome.

"Mimi sikusoma sana," shemeji akasema, "ila hapa umeandika vizuri mpaka nimewasomea na wazee."

Wazee ni walewale. Walikaa kwenye benchi wananitazama kwa upole, na shemeji akausoma ukurasa wa sita taratibu, hakuruka hata nukta. Mgeni mheshimiwa. Kiti. Maji ya kunawa. Kuku. Neno la mwisho la mjomba.

"Ile barua ilikuwa ya Masasi," nikasema.

Walicheka mpaka mmoja akashika ubavu. Alipokwisha kufuta machozi akaniambia, "Tulikupa na la mzigo, mwalimu. Hukuliandika."

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Mkuki kwa nguruwe," akasema, hakumalizia. Nikarudi Newala bila binti yangu.

Kesho yake nikamkalisha Asumini nimchane. Nikaanzia kwenye ngozi. Akalia kimyakimya, machozi yanadondokea magoti, na mimi nakazana.

"Baba anaanziaga nchani," akasema.

Nilikuwa nimeambiwa hilo, na nilikuwa nimelikataa. Hapo ndipo nilipomuuliza, kwa mara ya kwanza tangu nishike kalamu, anataka kukaa wapi.

"Kwa baba. Likizo kwa mama."

Basi. Mimi nilitumia kurasa tisa na sikulifikia hilo. Nililia na mimi, tukawa wawili.

Nilimpigia dada, akanuna siku mbili, kisha akakubali likizo. Tukarudi kwa afisa ustawi, nikasema mbele yake niliyoyaacha, hata la nusu saa kwa mama muuza vitumbua. Akachukua karatasi, akaandika makubaliano mapya kwa mistari minne.

Baba Asumini alikuwa anapiga randa mlango tulipofika Masasi. Asumini akamkimbilia. Baba yake akamkumbatia, kisha akakigeuza kichwa cha mwanawe huku na huku.

"Nani kamfanyia hivi?"

"Mimi."

"Na leo umekuja na barua, shemeji?"

"Sina hata kalamu."

Akaniongoza kwenye kigoda, nikakaa. Hakunisema zaidi ya hapo, na afadhali angenisema.

Wa kwake amempata. Wangu bado. Mama Sauda anasema atarudi akiona nimebadilika, na kipimo anacho yeye. Shemeji anasema neno la mwisho bado analifikiria, asije akaivunja mila niliyoitafiti. Kila Jumamosi nakwenda Chilangala.

Ninyi wenye kalamu, mnaosifiwa mtaani kama nilivyosifiwa, nawasihi: mtu akikuletea shauri la mtoto, muulize kwanza mtoto. Na ukiambiwa maneno mawili usiandike moja. Hilo uliloacha linakungoja mahali.

Mimi Jumamosi iliyopita nilikuta kiti kimetandikwa kitambaa na kuku ameshachinjwa. Sauda akaja na birika na beseni, akapiga magoti, akaninawisha vizuri kabisa. Nikamwambia, kaa hapa na baba tule.

Akamgeukia shemeji yangu. "Mjomba, naruhusiwa?"