Mwaka Mektilda Alipompita Apolinaria

Mektilda Mahona alijifunza kuogelea akiwa na miaka thelathini na saba, na aliyemfundisha ni Apolinaria. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mkazi wa Gongoni, mke wa Deus wa reli, mtu aliyezoea maji ya ndoo tu. Mbio alikuwa nazo tangu usichana, na baiskeli aliendesha kama watu wa Tabora wanavyoendesha, bila hata kufikiria. Lakini maji yakimpita kiuno alikuwa anaona kizunguzungu.

Apolinaria alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Kigoma, na alijua kuogelea kabla hajajua kusoma. Ndiye aliyeleta habari za triathloni, mashindano ambayo mtu anaogelea, akitoka majini anapanda baiskeli, akishuka kwenye baiskeli anakimbia, na saa haisimami mpaka amalize yote matatu.

"Mbio unazo, baiskeli unayo," alimwambia Mektilda. "Maji nitakupa mimi."

Akampa kweli. Kila Jumamosi asubuhi walikwenda bwawa la Igombe, Mektilda amefungwa kiunoni kamba yenye tyubu ya gari ili asizame, Apolinaria akiogelea pembeni yake na kumwimbia hesabu: moja, mbili, tatu, pumua. Waliokuja kuchota maji walicheka mpaka wakachoka, kisha wakazoea. Jumapili baada ya misa walishika barabara ya Urambo kwa baiskeli, njia ileile ambayo babu wa babu yake Mektilda aliipita kwa miguu, akiwa mpagazi wa misafara, mzigo wa watu wengine begani. Miaka miwili wakaenda hivyo. Tyubu ikaachwa nyumbani.

Jambo moja halikubadilika. Iwe majini, iwe barabarani, Apolinaria alikuwa mbele. Hakuwa akijitapa, alikuwa mbele tu, naye alikuwa amemzidi Mektilda miaka minne. Mektilda alizoea kuuona mgongo wake. Watu wakimuuliza alisema hajali, na karibu aamini mwenyewe.

Mwezi wa sita walikwenda Mwanza kushindana. Ziwa lilikuwa na mawimbi madogo asubuhi hiyo, na wanawake walikuwa ishirini na mmoja. Filimbi ikalia, wakaingia, miguu na viwiko vikagongana. Walipofika kwenye boya la pili Mektilda aligeuza kichwa kushoto kuvuta pumzi, akamwona Apolinaria ubavuni pake. Walikuwa hawajawahi kuwa sambamba namna ile. Moyo ukamruka kwa furaha.

Alipogeuka mara ya pili, Apolinaria alikuwa amesimama majini, kidevu juu, mkono mmoja hewani.

"Mek! Nimebanwa na misuli! Mek!"

Mektilda alisikia. Aliuona hata mdomo ukimeza maji. Mbele, si mbali sana, palikuwa na boti ya waokoaji, na watu wawili ndani yake. Akajiambia: wale watamwona. Akajiambia tena: yeye ndiye mwenye maji, si mimi. Akaingiza uso ziwani, akaendelea. Moja, mbili, tatu, pumua. Pumzi zote zilizofuata alizivutia kulia.

Alimaliza wa pili kati ya wanawake. Alivishwa medali huku akitafuta kwa macho, ndipo akaambiwa kuwa mwenzake amepelekwa hospitali. Watu wa boti walikuwa wameangalia upande mwingine. Walipogutuka, Apolinaria alikuwa ameshazama mara mbili.

Alilazwa siku sita. Maji yaliyoingia kifuani yakaleta homa ya mapafu. Mektilda aliomba ruhusa kazini, akabaki Mwanza, akamlisha uji, akamfulia kanga, akamgeuza ubavu. Wauguzi walimsifu kuwa ndugu wa kweli. Apolinaria alimtazama tu, na alipopata sauti alisema, "Hongera, Mwalimu. Nimesikia umekuwa wa pili."

Tabora, wanafunzi walimpigia makofi mstarini. Mwalimu mkuu aliitundika picha yake ofisini. Mektilda alipoteza hamu ya kula. Mumewe alimbana mpaka akamweleza yote, nusu akilia.

Deus aliuliza: "Anajua?"

"Sijui."

"Basi usimwambie. Amepona. Ukimwambia utakuwa unajitua mzigo wako kichwani kwake."

Mektilda aliona kuna akili katika maneno hayo, akayashika. Lakini mwezi wa saba, alipokuwa akijiandaa kwa mashindano ya Kigoma, Apolinaria alikuja mwenyewe nyumbani na saa ya kupimia mwendo mkononi. Daktari alikuwa amemkataza mazoezi, kifua kilikuwa bado kinapiga filimbi akipanda hata ngazi.

"Mimi siwezi kuingia majini," alisema, "ila macho yangu ni mazima. Nitakaa ukingoni nikuangalie."

Jumamosi tano mfululizo alikaa ukingoni Igombe, amejifunga kitenge, akimpimia. Hakuna adhabu ambayo Mektilda angeweza kujitungia ikafikia ile. Mwendo ulishuka. Kila akifika katikati ya bwawa mikono ilimlegea kama ya mgonjwa. Jumamosi ya tano alitoka majini, akakuta Apolinaria amesimama.

"Unapinda kulia," Apolinaria alisema. "Unaanza vizuri, halafu unakwenda kulia kama kuna kitu unakikwepa. Na zamani ulivuta pumzi pande zote mbili, nilikufundisha mwenyewe. Kushoto kuna nini?"

Mektilda alikaa chini kwenye matope. "Dada Apo, nilikusikia."

Apolinaria aliibonyeza saa, ikasimama.

"Kule Mwanza. Uliniita mara mbili. Nilikusikia na nilikuona, nikaendelea. Nilitaka kukupita."

"Najua," Apolinaria alisema. "Tuliangaliana, Mwalimu. Niliona macho yako ndani ya miwani ya kuogelea."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikusubiri useme wewe. Hospitali nilikusubiri. Ukinilisha uji nasubiri. Tuliporudi hapa nikaona husemi, nikajiambia, wacha niwe naenda kumtazama anavyoogelea, huenda nitamwelewa."

"Umenielewa?"

"Hapana."

Apolinaria aliokota kanga aliyokuwa ameikalia, akaikung'uta majani, akaikunja. Kurudi mjini ilibidi wapande bajaji moja, ya kijana aitwaye Sabiri, aliyepiga soga njia nzima bila kupata mtu wa kumjibu.

Kigoma Mektilda alikwenda peke yake kwa treni, mwezi wa tisa. Deus alimwuliza anakwenda kutafuta nini, naye akafunga begi. Aliingia ziwa Tanganyika mapema asubuhi, akajilazimisha kuvuta pumzi kushoto kila mara ya pili. Kushoto palikuwa na maji tu na mlima. Alitoka majini wa kumi na moja, akapandisha kwenye baiskeli mpaka wa sita, akamaliza wa tano.

Jioni alikwenda kumwamkia mama yake Apolinaria, aliyeishi karibu na mwalo wa wavuvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe Mek? Karibu! Apo aliniambia kwenye simu, wewe ndiye uliyemuuguza Mwanza. Mungu akubariki."

Mama alishaanza kumshika mikono. Mektilda angeweza kuitikia amina, akanywa chai, akaondoka.

"Mama, aliniita akizama nikampita," alisema. "Kumuuguza kulikuja baadaye."

Mikono ya mama ikabaki pale ilipokuwa, lakini haikuwa na nguvu tena.

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua."

"Na bado akaniambia nikushukuru." Mama akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa hesabu asiyoiweza. Hakumfukuza. Chai aliileta, ila hakukaa naye kuinywa. Wakati wa kuagana alimkabidhi fungu la samaki, migebuka waliokaushwa. "Mpelekee mwanangu. Wewe mwenyewe, mkononi mwake."

Apolinaria alipokea samaki mlangoni pake. Akauliza hali ya mama, akauliza muda wa kuogelea, akaambiwa dakika ishirini na moja, akaguna.

"Mama alipiga simu," alisema. "Sijui ni nani aliyekutuma umwambie."

"Hakuna."

Apolinaria aliugeuza mzigo wa samaki mkono huu na huu. "Majini siingii na wewe tena, Mwalimu. Hilo nakwambia mapema. Ila Jumatatu daktari ameniruhusu kukimbia kidogo, na barabara ya Kipalapala si yangu peke yangu."

Jumatatu Mektilda alikuwepo. Walikimbia taratibu kupita mashamba yaliyovunwa, Apolinaria akisimama kila baada ya muda kushika kiuno na kutafuta hewa. Mektilda alisimama naye kila mara.

"Kimbia mwendo wako," Apolinaria alisema mara ya tatu, bila kumtazama.

Mektilda hakujua kama ni ruhusa au ni kisu. Alibaki palepale kando yake, akasubiri pumzi za mwenzake zirudi, kisha wakaanza tena.