Aliyesaga Meno Mkekani

Nilipokuwa na miaka minane niliamini kwamba usingizi wangu ungemuua baba. Nasema niliamini, lakini neno hilo ni dogo. Nilijua, kama nilivyojua kwamba jua likizama giza linaingia.

Baba alikuwa mchimbaji mdogo huko Geita. Sisi, yaani mama, bibi mzaa baba na mimi, tulibaki nyumbani, nje kidogo ya Kagongwa. Alikuja mara moja kwa mwezi, kucha zimejaa udongo mwekundu. Siku nyingine zote alikuwa ndani ya duara, lile shimo refu wanaloshuka kwa kamba kufuata mwamba wenye dhahabu. Nyumba za wachimbaji zilikuwa na miiko yake. Mke hakugombana na mtu mumewe akiwa chini. Na mtoto hakutakiwa kusaga meno usingizini, kwa sababu, alisema bibi, mtoto wa mchimbaji akisaga meno huku, mwamba unasagika kule, juu ya kichwa cha baba yake.

Mimi nilisaga. Mama alisema nilisikika kama ng'ombe anayetafuna changarawe. Alinipeleka zahanati nikapewa dawa ya minyoo, wala hakuna kilichobadilika. Ndipo bibi akaingilia kati. Kila asubuhi, kabla sijatia kitu kinywani, alinipigisha magoti mbele ya jiwe lake la kusagia mtama nilambe unga uliobaki, mara tatu, ili kusaga kubaki kwenye jiwe.

"Kuache hapo, mayu," aliniambia, akiniita mama kwa kilugha chetu. "Baba yako bado tunamhitaji."

Hakuwa mkali hata kidogo. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, maana mtu hasemi hivyo kwa mzaha.

Nikaamua kutolala. Nilijifinya mapaja, nilikaa wima kitandani, nilimwomba Mungu anipe haja ndogo ili nitoke nje. Lakini mtoto atakesha siku ngapi? Nilisinzia darasani nikachapwa, na niliishukuru fimbo kwa sababu iliniamsha. Kila usingizi uliponipitia niliamka taya zinauma, nikajua nimesaga tena, nikakaa kusubiri habari kutoka Geita.

Jumapili moja mama na bibi walikwenda msibani kijiji cha pili, wakaniacha kwa Mama Masanja, jirani yetu. Mumewe alichimba duara moja na baba. Mwanawe Masanja alikuwa wa umri wangu, mpole, mwepesi wa kucheka. Tulikula wali na dagaa, kisha tukajilaza mkekani. Nilijiambia nitafumba macho kidogo tu.

Niliamshwa na kofi. Halikunipata mimi. Nilisikia mlio wake karibu kabisa na sikio langu, kisha kilio cha Masanja, kisha sauti ya mama yake inayotetemeka.

"Unasaga meno! Baba yako yuko chini na wewe unasaga meno!"

"Sijasaga, mama."

"Nimekusikia mwenyewe, niko jikoni!"

Taya zangu zilikuwa zinauma. Mdomoni nilikuwa na ladha ya damu, nimejing'ata ulimi. Nilijua vizuri sana aliyesaga ni nani. Nikabana macho nikakoroma, mkoromo wa uongo, mpaka Mama Masanja akarudi jikoni.

Habari zilifika kesho yake asubuhi kwa simu ya mwenye duka. Duara limetitia. Baba yangu alikuwa juu, zamu yake ilikuwa bado. Baba Masanja alikuwa chini.

Watu walisema baba ana bahati. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nimelala nyumba ile, nimesaga nyumba ile, mwamba umemchukua baba wa nyumba ile. Msibani Mama Masanja aliketi chini katikati ya wanawake, na Masanja alipomsogelea alimwondoa kwa mkono bila kumtazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na niliona. Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha: hofu iliyonishika pale haikuwa juu ya yule aliyekufa. Niliogopa watajua kuwa ni mimi.

Mwaka uleule Masanja alipelekwa Geita kwa mjomba wake. Baba aliacha kuchimba, akanunua ng'ombe. Bibi akatangaza kwamba jiwe limeniponya. Sikupona lolote, nilikuwa tu nimeanza kulala chumba cha peke yangu.

Sasa nafundisha shule huku Kambarage, mjini Shinyanga. Mwaka jana jino langu lilivunjika nikila ugali, na walimu wenzangu walinicheka wiki nzima. Daktari wa meno niliyemwendea Kahama, binti mdogo kuliko mimi, alichungulia mdomoni akaniambia meno yangu yamelika kama ya bibi kizee. Alinieleza kwamba watoto wengi husaga na wengi huacha wenyewe wakikua. Kwa baadhi yetu, alisema, hofu na mawazo huchochea taya, mtu akaendelea. Angenitengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa wakati wa kulala.

"Ulipokuwa mdogo, ulikuwa unaogopa nini hasa?" aliniuliza.

"Nilikuwa naogopa kusaga meno."

Alicheka. Kisha akanitazama, akaacha kucheka.

Kutoka pale sikurudi Shinyanga. Nilipanda gari la Kagongwa. Mama Masanja nilimkuta uani, anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Kabula. Mbona ghafla?"

Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiketi nitashindwa. Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Siku ile ya mkeka?"

"Siku ile. Masanja hakusaga. Ni mimi."

Kuku wakausogelea ule ungo wakaanza kudonoa, asiwafukuze. "Sikumwambia siku ile tu," alisema. "Nilimwambia kila nilipokosa chumvi. Kila aliponipigia simu kutoka Geita nikakosa ada ya kumtumia. Nilimwambia ni yeye." Akaichukua simu yake, akapiga, akanipa bila kuongea na mwanawe.

Nilimweleza Masanja yote kwa haraka: kofi, damu, mkoromo wa uongo. Nilimwambia na maneno ya daktari, na kwamba meno hayavunji mwamba. Nilisikia magari yakipita upande wake.

"Kabula," alisema, "nina watoto watatu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala karibu yangu. Naogopa nitasaga."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na sikumlazimisha. Aliomba nimpe mama yake.

Niliishi miaka yote ile nikijilaumu kwa kifo ambacho sikukisababisha. Baba Masanja aliuawa na kuta za udongo zisizo na magogo ya kutosha, hilo sasa nalielewa. Kosa langu lilikuwa jingine, dogo, la mchana kweupe. Mtoto mwenzangu alisema "sijasaga", na mtu mmoja tu duniani alijua kwamba anasema kweli. Mtu huyo alikuwa amelala kando yake, macho ameyabana, anakoroma.