Miguu Yangu na Mstari wa Chokaa

Leseni yangu ya udereva niliitunza ndani ya kifuko cha ngozi nilichomshonesha fundi viatu wa Bukoba. Mke wangu alikuwa akisema naitunza kuliko cheti chetu cha ndoa, na hakukosea, maana cheti cha ndoa hakuna aliyewahi kuniomba barabarani. Wakati ule wa Mwingereza, Waafrika waliokabidhiwa lori la kahawa walikuwa wachache. Mimi, mtoto wa mkulima wa Kaagya, nilikuwa mmoja wao. Nilipita nikipiga honi mbele ya watu waliowahi kunicheka shuleni, na nikihakikisha wameniona. Nilikuwa na majivuno, nakiri. Hasira zangu nazo zilikuwa karibu, na hilo mke wangu angelithibitisha bila kuapishwa.

Jambo moja tu sikuwa nalo, nalo ni ulevi. Nilikuwa Mlutheri niliyeokoka, wa wale waliosimama mbele ya usharika na kuiaga pombe kwa machozi. Tangu siku ile rubisi, pombe yetu ya ndizi, haikugusa ulimi wangu. Usharika wetu ulikuwa mkali: kunywa ni dhambi, na kutengeneza ni dhambi vilevile. Ukikamatwa kwa lolote kati ya hayo, unatengwa na Meza ya Bwana na kukaa benchi la nyuma, kila mtu akijua kwa nini upo pale.

Ndipo akaletwa sajini mpya wa polisi, mtu wa jimbo la mbali, mrefu, mwenye kaptura iliyonyooshwa hadi ikasimama yenyewe. Alitumwa kukomesha madereva walevi, na kwa haki ya Mungu walikuwapo. Wenzangu wawili walishawahi kulaza magari yao mtaroni mchana kweupe. Lakini sajini hakuvizia kama polisi wengine. Asubuhi kizuizi chake kando ya daraja la mbao kilikuwa wazi, nawe ukapita ukimpungia mkono. Mchana ukirudi, unakuta mti umelazwa barabarani. Kwenye kilabu cha pombe alimkalisha konstebo aliyevaa kanzu kama mteja, akitazama ni nani anaweka kibuyu chini na kupanda gari. Na pale kizuizini alichora mstari wa chokaa juu ya changarawe, hatua ishirini, ambao kila aliyemshuku aliutembea peku. Kwanza alikunusa, kisha mstari. Madereva tulimchukia, ila tulianza kuendesha kwa adabu, na hilo nalo ni kweli.

Sasa basi. Dada yangu aliolewa upande wa Rubya, katika familia ya Kikatoliki, watu wema wanaokunywa rubisi yao bila kumficha padri. Binti yake alikuwa anaolewa Jumapili. Ijumaa asubuhi nilifika huko kupakia kahawa, nikaambiwa magunia yatakuwa tayari saa sita. Nikapita kwa dada kusalimia, nikawakuta wameshika vichwa. Ndizi za pombe zilikwisha kufukuliwa shimoni zilikoivishwa, mbivu kabisa, nyuki wameshazigundua. Shemeji yangu, aliyekuwa azikanyage, alikuwa ameteguka kifundo cha mguu jana yake, na sasa ameketi mguu ukiwa juu ya kigoda. Wanaume wengine walikuwa wameitwa kwenye msiba mlima wa pili. Ndizi zilizofukuliwa hazingoji kesho, na kwetu mwanamke hakanyagi pombe.

"Kaka," dada yangu akasema, "najua ulivyookoka. Sikuombi."

Alisema haombi, huku ananitazama miguu.

Nilikuwa mjomba wa bibi harusi. Harusi bila rubisi, wakwe wangeondoka na hadithi ya kusimulia mpaka wajukuu. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia ndani ya obwato, lile gogo kubwa lililochongwa kama mtumbwi. Nikakanyaga ndizi pamoja na nyasi mpaka maji yake yakatoka. Nyasi zile hukata. Mwenye mazoea nyayo zake ni ngumu, lakini zangu zilikuwa zimelainika kwa miaka ya viatu na pedali. Saa tano nilitoka nikiwa nimelowa maji ya ndizi hadi mapajani, nyayo zimechanika, na moyo umejaa furaha ambayo Mlutheri hapaswi kuisikia mahali kama pale. Nikanawa kidogo, nikaingiza miguu ndani ya viatu kwa kuuma meno, nikaenda kupakia kahawa yangu.

Kwenye daraja, mti ulikuwa umelazwa. Nilisimamisha lori palepale mdomoni mwa daraja. Sajini akaweka mguu kwenye kibao cha mlango, akaingiza pua dirishani, na nikaona uso wake unang'aa kama mtu aliyeokota kitu.

"Rubisi," akasema.

"Afande, mimi sinywi."

"Unanuka mpaka kwenye magunia. Shuka. Vua viatu."

Nilishuka. Ile changarawe ilinipata pale pale nyasi zilipokuwa zimenikata. Nilijaribu kutembea kwa visigino, nikayumba. Nikajaribu kwa kingo za nyayo, nikauacha mstari kabisa. Wanawake waliotoka sokoni walisimama kutazama, na mmoja, aliyenifahamu kanisani, akafunika mdomo kwa kitenge. Ningeweza kusema pale pale kwamba nimekanyaga ndizi. Nilinyamaza kwa sababu ya yule mwanamke. Nilijiona mpumbavu wa kwanza Bukoba nzima.

Lakini hasira zangu hazikulala. Siku ya mtihani wa leseni, Mzungu aliyetutahini alitusomea sheria ya barabarani, nami niliikariri kama katekisimu. Kosa si kunuka. Kosa ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari.

"Afande," nikasema, "naomba nipelekwe kwa daktari anipime sasa hivi."

"Daktari ni wa wagonjwa."

Akaandika maelezo juu ya goti lake, akanipa nitie sahihi. Nikayasoma. Ilikuwa imeandikwa kwamba nimekiri kunywa vibuyu viwili. Nikamrudishia karatasi. Nikamwambia kwa sauti, wanawake wote wasikie, kwamba mkono wangu hauandiki jambo ambalo kinywa changu hakikusema.  Nadhani hakuna dereva aliyewahi kuisoma karatasi ile kabla ya kuitia sahihi.

Akaichukua leseni yangu, akaitoa kwenye kifuko cha ngozi, akaitia mfukoni mwake na kunirudishia kifuko kitupu. Hapo, nasema wazi, machozi yalinilenga.

Wakati huo lori langu lilikuwa limeziba daraja. Nyuma yake lilisimama basi, na nyuma ya basi gari dogo la Mzungu mmoja wa Maruku, ambaye hakuacha kubonyeza honi. Wingu la mvua lilikuwa limeshainuka ziwani, na kahawa ile ilikuwa inangojwa na meli. Sajini akamwangalia konstebo wake. Konstebo akatikisa kichwa, hajui kuendesha. Sajini mwenyewe hajui. Yule Mzungu akatoa kichwa dirishani na kufoka.

"Panda," sajini akaniambia. "Endesha mpaka kituoni."

"Mimi, afande?"

"Panda!"

Nikapanda. Naye akazunguka, akaketi kando yangu. Nilivuka lile daraja jembamba na tani zangu za kahawa, nikateremka ule mteremko wote wa kuingia Bukoba kwa gia ya pili, mvua ikipiga kioo, sikugusa hata jani la kando. Sijawahi kuendesha vizuri vile. Moyoni nilikuwa nasema, kaa vizuri, afande, ukae hapo hapo.

Kwa muda wa wiki tatu hadi kesi, lori langu liliendeshwa na mtu mwingine. Nililisikia likipita Kaagya, mtu yule akizisaga gia. Chama cha ushirika cha kahawa, chenye lori lile, kiliniambia waziwazi: ukipatikana na hatia, usirudi. 

Siku ya kesi, mzee wa kanisa wa usharika wetu alifunga safari hadi Bukoba kusikiliza. Alikuwa mtu mwembamba, asiyecheka, aliyenibatizia watoto wawili kwa kushika mwavuli juu ya mchungaji. Alikaa benchi la mbele kabisa. Nilipomwona, nilijua nimebanwa pande mbili. Nikinyamaza, leseni imekwenda. Nikisema, benchi la nyuma linaningoja.

Hakimu alikuwa Mzungu, na kando yake aliketi mkalimani, Mhaya mtu mzima mwenye miwani. Sajini akatoa ushahidi wake vizuri, hatua kwa hatua: harufu, mstari, kuyumba. Kisha hakimu akaniuliza kama nina maswali kwa shahidi. Ilikuwa haki yangu, na nilikuwa nimeyapanga maswali yangu usiku na mchana kwa wiki tatu.

"Afande, siku ile lori liliondokaje darajani?"

"Liliendeshwa."

"Na nani?"

Sajini akarekebisha mkanda wake.

"Jibu swali," mkalimani akasema, hata kabla ya hakimu.

"Na mshitakiwa."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Mbele. Kando yako."

"Na mlevi huyu aliyeshindwa kulimudu gari alikufikisha?"

Chumba chote kililipuka. Dereva mmoja kule nyuma alipiga benchi ngumi mpaka askari akamtoa nje. Hakimu aligonga meza, ila niliona ameibana midomo asicheke. Nilitaka kucheza pale pale kizimbani.

Lakini hakimu hakuwa mtoto. Utulivu uliporudi akasema, kwa kinywa cha mkalimani: "Umejibu kuhusu gari. Hujajibu kuhusu harufu, wala kuhusu miguu. Mtu mzima hayumbi bure."

Nilimtazama mzee wa kanisa. Alikuwa ananitazama pia. Nikavua viatu mbele ya mahakama.

"Bwana Hakimu," nikasema, "sikunywa pombe. Niliikanyaga."

Nikaeleza yote: mpwa wangu, kifundo cha shemeji, nyuki, nyasi. Nikainua unyayo mmoja, kisha wa pili, na makovu yalikuwa bado mekundu. Hakimu aliduwaa. Sajini akasimama bila kuulizwa, akasema kwao pombe hupikwa na wanawake, kwa moto. Hajawahi kusikia mwanamume anayeitengeneza kwa miguu. Alisema hivyo kwa uso mkavu, na nilimwamini. Hakuwa amesema uongo juu ya pua yake, alikuwa mgeni tu wa ndizi zetu. Ile karatasi ya vibuyu viwili ni habari nyingine, na sikumsamehe upesi.

Mkalimani akavua miwani, akamgeukia hakimu na kuzungumza naye Kiingereza kwa muda mrefu, mikono yake ikikanyaga hewani. Baadaye alinieleza alichosema. Kwamba yanayotoka kwenye obwato siku ile ni maji ya ndizi tu, matamu, hata mtoto hupewa. Kwamba hayawi pombe mpaka yatiwe mtama na kulazwa. Mtu aliyekanyaga Ijumaa asubuhi hawezi kuwa amelewa alichokikanyaga ifikapo Ijumaa mchana, hata akiogelea humo.

Hakimu aliandika. Kisha akasema sikupatikana na hatia, nirudishiwe leseni yangu sasa hivi. Akamwambia sajini kwamba siku nyingine dereva akiomba daktari, apelekwe kwa daktari. Sajini akafungua kifungo cha mfuko, akanipa leseni mkononi. Niliitia ndani ya kile kifuko cha ngozi, nikakifunga na kukitia mfuko wa kifuani.

Mchana ule ule nilikabidhiwa lori langu. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama karibu na gurudumu la mbele, mwavuli kwapani.

"Wasibota, waitu," nikamsalimu kwa Kihaya, kwa heshima ya mkubwa.

"Utanifikisha Kaagya?"

Alipanda. Tukauacha mji nyuma.

"Jumapili utakaa benchi la nyuma," hatimaye akasema. "Miezi mitatu."

"Nitakaa, waitu."

"Kukanyaga ni kukanyaga."

"Ndiyo."

 Kisha akaangalia nje, kwenye migomba, akauliza kwa sauti ya chini: "Ulianza na kisigino au vidole?"

"Vidole."

"Ndiyo maana ulichanika. Huanzwa na kisigino." Akakohoa. "Nilikuwa kijana zamani."

Tulipokaribia Kaagya tulikuta mti umelazwa. Konstebo wa kilabuni, safari hii akiwa na sare, alitusimamisha, akaichukua leseni yangu, akaitazama mbele na nyuma. Halafu, kwa mazoea, akaanza kuingiza pua dirishani.

Mzee wa kanisa aliinama mbele yangu, akaweka mwavuli wake katikati ya dirisha.

"Kijana," akamwambia, "unaona anashindwa kulimudu gari?"

"Hapana, mzee."

"Basi toa pua yako."

Konstebo akarudisha leseni, akaenda kuinua mti. Nikapiga honi, ndefu, mpaka Kaagya wakatoka majumbani.