Piano ya Miguu na Mafuta ya Ng'ombe

Watu wa Burungu wakitaka kunichokoza hawahitaji maneno mengi. Wanakanyaga chini mara mbili tatu, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, halafu wanatoa mlio wa ndama puani, basi mimi nageuza njia. Nimeona bora niusimulie mkasa huu mwenyewe, maana kila anayeusimulia anaongeza lake (yuko mmoja kule Kitchanga anaapa kwamba ukuta wa kanisa ulipasuka, hakuna ukuta uliopasuka), na aibu ikishakuwa yangu nataka angalau iwe sahihi.

Mimi ni Hangi, nalima maharagwe na viazi kilimani kama wenzangu, na Jumapili napiga piano kanisani. Kwetu mpiga piano hafuati karatasi. Mwimbaji anasimama, anaanza wimbo popote sauti yake inapoamkia, na wewe unamfukuza kwa vidole mpaka umfikie. Tunaita kutafuta toni, na hapo ndipo mpiga piano anapopimwa. Mimi nilisifiwa sana kwa kutafuta toni, ila ukweli vidole vyangu vinajua njia moja tu, njia ya Do, ile ya kwanza ya do-re-mi, na nyimbo zote za dunia nazipitisha humo. Piano yetu ya umeme ilikuwa na kibonyezo cha kupandisha na kushusha toni, kwa hiyo mwimbaji akianza popote mimi nabonyeza, narudi kwenye Do yangu, kanisa linapiga makofi. (Waimbaji wote wa korali walijua. Wapiga piano wengi wa kwetu wanafanya hivyohivyo, msinitazame mimi peke yangu.)

Basi mvua ikaingia kwenye piano ya umeme, ikafa, na Papa Pasta akakumbuka kwamba stoo ya kanisa ina kinanda cha zamani cha mbao kilichoachwa na wamisionari. Watu walikiita piano ya miguu, kwa sababu unakanyaga vibao viwili chini kwa zamu, viriba vinajaa hewa, ukibonyeza kidole hewa inapita kwenye kijiulimi cha shaba, kinalia. Panya walikuwa wamekula viriba. Nikatafuta ngozi laini ya ndama, nikakata, nikashona, nikabandika kwa gundi, na siku kilipolia mara ya kwanza nilicheka peke yangu humo stoo.

Halafu nikaona kitasa kidogo cha chuma, upande wa kushoto, chini ya vile vibao vyeupe na vyeusi vya kubonyeza. Kitasa cha nini kwenye kinanda? Nikakiinua, nikasukuma, na safu yote ya vibao, vyeupe na vyeusi pamoja, ikahama upande. Nikajua nimeivunja. Lakini nilipobonyeza Do, kibao kilekile, kidole kilekile, sauti ikatoka juu kidogo kuliko mwanzo. Nikasukuma tena, ikapanda tena. Kumbe kuna mtu wa zamani, kabla ya umeme kufika popote, aliyekuwa na vidole vivivu kama vyangu, na badala ya kuona haya akatengeneza piano inayotembea!

Sikulala vizuri kwa furaha. Kila nilipofika Kitchanga kwenye mtandao nilitafuta kwenye telefone mapiano ya ajabu, na yapo, jamani. Nikaona moja ambayo vibao vyake vimepangwa ngazi kwa ngazi kama mashamba ya mteremko, nyingine imepinda kumzunguka mpigaji, nyingine vibao vyeupe na vyeusi vinapokezana kimoja kimoja bila kuruka. Wengi wa walioyatengeneza shida yao ilikuwa hii yangu: kwa nini wimbo uleule, ukiupandisha kidogo tu, vidole vijifunze njia nyingine kabisa? Nilitazama mpaka telefone ikazima, na maharagwe yangu siku hizo yalijilima yenyewe.

Sasa niwaambie habari ya Mama Furaha, kwa maana bila yeye huu ungekuwa mchezo tu. Huyu mama ni wa familia ya wafugaji, wanauza maziwa, na zamani ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya korali yetu. Akaugua koo kwa muda mrefu, akapona, lakini hakusimama tena kuimba. Binti yake Furaha alikuwa anaolewa na kijana wa Rubaya, na mama alitaka jambo moja tu: amwimbie mtoto wake wimbo mmoja kanisani, wakati wa baraka ya wazazi, kabla hajaondoka. Akanifuata stoo na kikopo cha mafuta ya ng'ombe, zawadi ya kupikia, akakaa juu ya benchi lililovunjika.

"Hangi, mutoto wangu, sauti yangu ilishuka," akaniambia. "Pale nilikuwa nafika zamani, sasa iko inakatika. Nikianza mwenyewe mbele ya batu, mazoea itanipeleka juu, nitakwama katikati. Utanipa toni ya chini wewe wa kwanza, mimi nikufuate."

Tukajaribu. Nikarudisha vibao chini hatua moja, akakwama kwenye kiitikio. Nikashusha tena, akakwama. Nikashusha mara nyingine, akauimba wimbo wote mpaka mwisho, sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nzuri kuliko ile ya zamani, na alipomaliza alifuta macho kwa kitenge na kucheka. Akasema, "Acha pale pale. Usisogeze tena." Nikamwahidi.

Ningeacha pale pale, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nikasikia kwamba watu wa bwana arusi wanakuja na mpiga piano wao, kijana aliyefundishwa muziki Goma, na nikafikiri: huyu amewahi kuona piano inayotembea? Nikipiga ibada yote mahali pa chini hataona kitu. Bora nianze mahali pa kawaida, halafu Mama Furaha akisimama nisukume vibao mbele ya macho ya kijana huyo, polepole, kama mtu anayefungua dirisha.

Tatizo, reli ya mbao ilikuwa ngumu, inakwaruza. Na pembeni pale kulikuwa na kikopo cha mafuta ya ng'ombe. (Mtaniambia mafuta ni ya kula. Mke wangu aliniambia hivyohivyo, baadaye, na kwa maneno mengine.) Mchana ule jua lilikuwa kali, nikapaka reli yote bila ubahili, vibao vikateleza kwa kidole kimoja, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, nikaviacha juu, mahali pa kawaida, nikaenda nyumbani naimba.

Nani asiyejua baridi ya asubuhi huku kwetu Masisi? Siku ya arusi ukungu uliingia kanisani pamoja na wageni, mama zetu wamejifunga vitenge viwili viwili, na mimi mtoto wa kilima hiki, ninayeona kila asubuhi mafuta yameganda kikopo kizima mpaka uyachimbe kwa kijiko, sikufikiria hata kidogo. Nyimbo za kuingia zilienda vizuri. Yule kijana wa Goma alikuwa benchi la pili, ananitazama mikono. Papa Pasta akaita wazazi, Furaha akapiga magoti ndani ya gauni lake jeupe, na Mama Furaha akasimama mbele yake, akanigeukia, akangoja toni.

Nikainua kitasa, nikasukuma. Hakuna kilichosogea. Nikasukuma kwa mikono miwili, vibao vikaenda nusu, katikati kabisa ya sauti na sauti, vikaganda hapo. Nikajidai hakuna neno, nikakanyaga hewa, nikabonyeza Do. Zikalia sauti mbili kwa pamoja, zinagombana, mlio wa ndama aliyekanyagwa. Nikainua kidole, mlio haukukoma, kibao kimekwama chini. Nikaegemea kwa bega, na kwa woga miguu haikuacha kukanyaga, kwa hiyo kadiri nilivyosukuma ndivyo kilivyozidi kulia, na sasa kinanda chenyewe kikaanza kutembea juu ya saruji, na mimi nyuma yake na kiti changu. Ndama wa kweli akajibu kutoka malishoni. Hapo kanisa likaangua kicheko, upande wa Rubaya na upande wetu, hata bwana arusi, na siwalaumu.

Mama Furaha hakucheka. Alikuwa bado amesimama, mkono umeshika koo, ananitazama akingoja, kwa sababu nilimwambia nitampa. Nikamwona anafungua mdomo, anaufunga. Halafu akamwambia Papa Pasta, taratibu, "Acha tu, Papa Pasta. Tuendelee." Akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake bila wimbo, akarudi kukaa. Nilisikia vibaya sana. Hata sasa nikiandika nasikia vibaya.

Baada ya ibada yule kijana wa Goma akaja, akainama, akapitisha kidole kwenye reli, akanusa. Hakunicheka. Aliniuliza tu kinafanyaje kazi, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumweleza kwa hamu, kitasa, vijiulimi, hatua moja moja, mpaka jua likapanda, paa la bati likapata moto, na nilipogusa vibao ili kumwonyesha vikateleza vyenyewe mpaka chini, mahali pa Mama Furaha kabisa. Nikabonyeza Do. Safi.

Nikatoka mbio kumwita. Magari ya Rubaya yalikuwa yameshawashwa, watu wanapiga vigelegele, na yeye alikuwa ameingiza kichwa dirishani, ameshika kichwa cha Furaha kwa mikono miwili, mdomo wake sikioni mwa mtoto. Midomo ilikuwa inaimba. Nilisimama hatua chache tu kutoka pale, lakini kwa injini na vigelegele sikupata hata sauti moja.

Siku zilizofuata nikarudisha kikopo, nimekijaza asali, nikaomba msamaha, nikamwambia kinanda sasa kiko pale pale alipotaka, aje Jumapili aimbe, watu wote wasikie. Akapokea kikopo, akanikaribisha maziwa.

"Furaha alisikia, Hangi," akasema. "Ni wewe njo haukusikia, ulikuwa na mashini yako."

Nilikunywa maziwa yale nikiwa nimeinamisha kichwa. Bado natazama mapiano ya ajabu nikifika Kitchanga, siwezi kudanganya, na mafuta ya ng'ombe sasa yanakaa jikoni. Lakini nimejiapia: mwimbaji akiniambia acha pale pale, mkono wangu hautagusa kitasa mpaka amalize kuimba.