Mgeni wa Mama

Niliporudi kutoka Ulaya nilikuwa na sanduku la chuma, suti mbili, na stashahada ya ualimu ambayo niliamini ingenifungulia kila mlango wa Tanganyika. Waingereza walikuwa bado wametukalia, na vijana waliopelekwa kusoma ng'ambo walihesabika kwa vidole. Chuoni kwetu kule tulikuwa Watanganyika watatu. Jioni za baridi tulijikunyata karibu na moto tukigawana vyeo: huyu mkaguzi wa shule, yule mkuu wa chuo, mimi Bwana Elimu wa Tabora. Mmoja wetu alioa hukohuko akabaki. Mwingine alirudi, akachoka kusubiri cheo, akaenda kununua pamba kwa niaba ya chama cha wakulima. Mimi nilirudi kwetu Kwihara, kijijini nje ya Tabora, na mama yangu hakunipokea.

Simaanishi kwamba alinifukuza. Ningefukuzwa ningejua la kufanya.

Bwana Elimu wa wakati ule, Mwingereza mpole, alikuja mwenyewe stesheni ya Tabora kunichukua kwa gari lake. Nilivimba kichwa. Nilitaka Kwihara nzima inione nimeketi kando ya Mzungu, na kweli ikaniona. Tulipita njia panda tukiacha vumbi, tukasimama mlangoni kabisa. Nikashuka, nikasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akanitazama kwa adabu, kisha akaniuliza natokea wapi.

Nilidhani ananitania. Jioni akapika ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa karanga, chakula nilichokiota miaka yote ya viazi vya Ulaya. Akanipakulia. Halafu akapakua fungu jingine katika bakuli la udongo, akalifunika kwa ungo, akaliweka kando ya mafiga. Nikamuuliza ni la nani.

"La mwanangu," alisema. "Yuko Ulaya, anasoma."

Nilikula ugali wangu huku nikilitazama lile bakuli.

Msinifikirie kwamba mama alikuwa amerukwa na akili. Alijua bei ya karanga kuliko Mhindi wa dukani, na Jumapili aliimba tenzi kanisani bila kukosea ubeti. Mimi aliniita mwalimu. Siku mbili alinilisha vizuri, na ya tatu, kama methali inavyosema kuhusu mgeni, akanikabidhi jembe. Nililima kwa hasira, nikiwa na stashahada yangu.

Shangazi, dada yake marehemu baba, ndiye aliyenieleza nilichoharibu. Nyumba yetu ilikuwa ya wapagazi. Babu alibeba pembe na vitambaa kati ya hapa na pwani tangu ujana wake, na wanawake walioachwa nyumbani walikuwa na taratibu zao. Aliyetoka kwa miguu hurudi kwa miguu. Akifika njia panda hutua mzigo na kumwita mama yake. Mama humwitikia akiwa uani, humfuata, humnyunyizia maji ya unga, ndipo fungu lake la chakula huacha kuwekwa. Bila hivyo hakuna aliyerudi.

"Njia ile ya pwani imeua watu wengi," shangazi alisema. "Wazee walikuwa wakisema inaweza kukurudishia sura ya mtu, mwenyewe akabaki porini. Sasa wewe umeletwa na gari mpaka mlangoni. Mama yako atajuaje?"

Nilimcheka. Nilisema hayo ni mambo ya kizamani, na sisi ni watu wa kanisa.

"Haya, cheka," alisema. "Mwacha mila ni mtumwa."

Wakati huo kila asubuhi nilikuwa naendesha baiskeli kwenda ofisini Tabora kuulizia kazi yangu. Bwana Elimu alinikaribisha chai na kunijibu lilelile: nafasi yangu haijafika kutoka Dar es Salaam. Mwafrika mwenye cheti kama changu walikuwa hawajajua wamweke wapi. Nikapewa kiti cha muda pembeni, nikawa natafsiri matangazo ya chanjo ya ng'ombe. Nikirudi nyumbani nalikuta lile bakuli limefunikwa, na kadiri siku zilivyokwenda nikaanza kuliogopa. Kuna asubuhi nilinyoa ndevu huku nimekipa kisogo kioo.

Hatimaye niliinamisha kichwa. Jumamosi moja nikalifunga sanduku kwenye baiskeli mpaka stesheni, nikampa mtu baiskeli aniwekee, nikalibeba sanduku begani kurudi nyumbani kama babu, nikitokwa jasho ndani ya suti. Watu wa njiani waliniuliza kama Mzungu wangu amekufa. Nilipofika njia panda nikatua mzigo, nikamwita mama kwa Kinyamwezi, kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Mayu! Mayu!"

Akaitikia. Ee Mungu, aliitikia! Lilikuwa itikio la utoto wangu, refu, lenye kicheko ndani yake. Akatoka mbio na kibuyu cha maji ya unga mkononi, mwanamke wa umri ule, kanga ikimdondoka. Nikafungua mikono.

Alinifikia, akanipita. Akasimama nyuma yangu, akiitazama barabara nyeupe, tupu.

"Mwalimu," alisema, "nimesikia sauti yake. Mmekuja naye?"

Nililia palepale njia panda, na yeye akanifariji kama anavyofarijiwa mtoto wa watu.

Kazi ilikuja baada ya mvua za kwanza: kufundisha walimu katika Jimbo la Kusini, mbali, kwa cheo kidogo kuliko kile nilichogawiwa kwenye moto wa Ulaya. Ningeweza kukataa na kuendelea kungoja Tabora. Nilikubali siku ileile, maana nisingestahimili jioni nyingine mle ndani.

Mama alinisindikiza mpaka stesheni, kwa miguu, ingawa nilimsihi asichoke. Garimoshi lilipopiga honi alinishika mikono yote miwili. Nikadhani sasa, sasa ataniona.

"Mwalimu," alisema, "wewe unakwenda mbali, unakutana na watu. Ukimkuta mwanangu, mwambie arudi tu. Kama alishindwa masomo, arudi hivyohivyo. Mwambie sijamkasirikia."

"Nitamwambia, mama," nikamjibu.

Garimoshi lilisimama kituo cha Tura, na watu wakasogea madirishani kuuza mayai na asali. Sikununua kitu. Nilikuwa nimetoa kichwa nje, nikizitazama nyuso za vijana waliokuwa wamesimama pale, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukaondoka.