Kabati la Bunduki la Dancille

Dancille hakuanza kuwinda kwa sababu ya nyama, ingawa ndivyo alivyowaambia wanawake wenzake wa kwaya. Alianza kwa sababu ya kengele. Katika nyumba ya wazee anakofanya kazi, pale Skärholmen, kusini mwa Stockholm, kengele hulia tangu alfajiri: huyu anataka maji, yule kaangusha miwani, mwingine anataka tu kuona sura ya mtu. Anawapenda wazee wake, msinielewe vibaya, lakini miaka kumi na miwili ya kengele si mchezo. Basi siku moja Ivan, Mganda anayetengeneza mabomba na milango ya jengo lile, akamchukua porini na kundi lake la wawindaji, akamkalisha kwenye kibanda cha mbao katikati ya misonobari, akamwambia atulie tu. Dancille akakaa saa tano bila mtu kumwita. Alirudi nyumbani Vårby gård macho yanang'aa, hata mumewe akamuuliza kama amepandishwa cheo.

Mumewe, Révérien, ni dereva wa basi, mtu mpole, mwenye subira hata na abiria walevi. Dancille aliposomea mtihani wa uwindaji hakumpinga, tena alimsaidia kukariri majina ya ndege kwa Kiswidi. Lakini yalipofika mazungumzo ya kuleta bunduki nyumbani, aliweka kijiko mezani na hakula tena. Huyu ni mtu ambaye filamu ikionyesha bunduki, yeye huenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Dancille hakuwahi kumuuliza kwa nini. Warundi wa rika lao hawachimbuani hivyo. Kila mtu ana vita vyake, na adabu ni kumwachia.

Siku tatu baadaye Révérien alitoa jibu, na jibu lilikuwa na sharti moja.

"Mama Roméo, ilete. Lakini mtoto wetu yeyote akilifungua hilo kabati, hata mara moja, bunduki inatoka humu ndani siku hiyohiyo. Sitaki tujadiliane."

Dancille akakubali, na alikubali kwa moyo mweupe. Wanawe ni wawili: Roméo wa miaka kumi na tatu, mlafi asiye na breki, na Elvire wa miaka tisa, aliyezaliwa hapahapa Stockholm, anayesemeshwa Kiswahili na kujibu Kiswidi. Kama kuna kitu alichokitaka kuliko pori, ni hao wawili wawe wazima.

Ndiyo maana alichagua kabati kwa Jumamosi tatu nzima, mpaka muuza duka akawa anamsalimia kwa jina. Sheria yenyewe haina utani: Uswidi hupewi bunduki ya kutishia wezi, unapewa ya kuwindia, na bila kabati la chuma la kuifungia hakuna kibali cha polisi. Kabati la kwanza lilikuwa la ufunguo. Zuri, zito, lakini ufunguo utaufichia wapi katika nyumba ya Kirundi? Jumapili baada ya ibada chumba chake cha kulala ni cha kila mtu: watoto wachanga hulazwa kitandani, makoti hurundikwa, mashangazi hufungua kabati la nguo kutafuta kitenge cha kubebea. La pili lilikuwa la kuzungusha gurudumu lenye tarakimu, linataka taa na miwani na dua. La tatu lilikuwa la kubonyeza tarakimu sita. Mlango hufunguka kwa sekunde tatu, kimya kabisa. Hilo ndilo lililomkosha. Oktoba wawindaji huondoka saa kumi alfajiri, na yeye alitaka kuchukua chake na kutoka bila kuamsha nyumba.

Muuza duka alimwonya asitumie tarehe ya kuzaliwa. Dancille akacheka moyoni. Tarehe yake ya kuzaliwa ni Januari mosi, kama ya nusu ya kanisa lao, maana ndiyo waliyoandikiwa katika kambi ya wakimbizi na karani mwenye haraka. Huo mtego si wake. Yeye aliweka siku waliyotua Uswidi, kumi na saba Machi, elfu mbili na tisa. Akajiona mjanja.

Mjanja! Siku hiyo ndiyo sikukuu yao kubwa baada ya Krismasi. Kila mwaka keki huandikwa tarehe nzima kwa sukari, kila mwaka baba hushukuru Mungu akiitaja siku, mwezi na mwaka, na watoto husema amina. Lakini kwa Dancille haikuwa tarehe ya karatasi. Ilikuwa yake, ya ndani kabisa, na kitu cha ndani kabisa mtu hadhani kwamba wengine wanakijua.

Ijumaa moja ya Oktoba alitoka kazini mapema, akafungua kabati ili apake bunduki mafuta kwa ajili ya kesho. Nyuma ya kitako cha bunduki palikuwa na mfuko wa peremende, umekunjwa vizuri, umebakia nusu.

Akakaa kitandani. Akamwita Elvire. Mtoto hakuona kosa lolote. Peremende zake za Jumamosi, siku ambayo watoto wa Uswidi hupewa peremende, Roméo huzimaliza, akaeleza, na mama alisema hapa ndipo mahali salama kuliko pote nyumbani. Na namba? Elvire akamshangaa. Alijaribu ya keki.

Dancille alihakikisha risasi zimo zote katika sanduku lake, zimefungwa, akashukuru Mungu, kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo anaona haya kulisimulia. Alibadilisha namba. Dakika mbili tu. Akamrudishia mtoto peremende zake na kumwomba asimwambie baba.

"Sitamwambia," akasema Elvire, palepale, bila hata kufikiri.

Wepesi ule ndio uliomchoma. Kumbe mtoto wake anajua kutunza siri za bunduki, na aliyemfundisha ni mama yake mzazi. Révérien alipoingia saa kumi na moja jioni, hata koti hajavua, Dancille alimweleza yote, pamoja na lile la kumnyamazisha mtoto.

Révérien hakupaza sauti. Alimwita Elvire, wakakaa sakafuni mbele ya kabati, akamuuliza amelifungua mara ngapi. Kila Jumamosi. Na bunduki, aliigusa? Elvire akajibu kwamba aliisogeza kidogo tu, kwa sababu ilikuwa imeziba peremende. Révérien akafumba macho.

"Amu yangu alikuwa mlinzi wa msitu," akamwambia mtoto, polepole. "Bunduki yake aliiweka darini, akaamini sijui. Nilijua, nikaishusha. Nilikuwa na miaka tisa, kama wewe. Mdogo wangu Vénant alikuwa na minne. Wala haikuwa vita."

Dancille alikuwa amesimama mlangoni. Miaka kumi na saba ya ndoa amemwombea marehemu Vénant kila Novemba, mwezi wa kuwakumbuka wafu, na miaka yote hiyo alimhesabu miongoni mwa waliouawa na askari. Alitamani kwenda kumshika mumewe, lakini mwili ulikataa.

Elvire akauliza, kwa Kiswidi chake, kama Vénant alilia.

"Hakuwahi hata kulia," akasema baba yake.

Mtoto akasogea, akamwekea kichwa begani. Dancille akaenda jikoni, akampigia Ivan simu aje na gari sasa hivi, kabla ya chakula, aichukue bunduki akaifungie kwake. Ivan, aliyekuwa akinoa visu vya kesho, akauliza kumetokea nini, kisha akauliza aitunze mpaka lini. Dancille alijijua. Alijua Oktoba ijayo kengele zitakuwa zimemchosha na pori litamwita, na atapata maneno matamu ya kumlainisha kila mtu.

"Kaka Ivan," akasema, "nitakuja kuiomba. Nitakuja hata kwa machozi. Usinipe."