Nikaha ya Angani

Nabiha binti Shamsudin ni wifi yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Ni mwanamke wa Kibokoni, mnene kiasi, mwepesi wa kucheka, na mkate wake wa sinia huagizwa na watu wa mbali. Lakini si mkate uliompa jina. Jina alilipata kwa ulimi. Marehemu baba yake alikuwa na duka la masanduku ya kale pale Ndia Kuu, na Nabiha alikulia humo akiwasikiliza watalii, hata Kiingereza kikamkaa barabara. Tangu hapo mtaa unamtumia. Bibi yeyote akipangiwa kuonana na daktari mgeni, Nabiha hupelekwa kutafsiri.

Ila ana ila yake. Hawezi kupitisha neno kali kama lilivyo. Daktari akisema, "Mwambie huyu asipoacha sukari atakufa," Nabiha humgeukia mgonjwa kwa upole akasema, "Daktari akuombea umri mrefu, na chai asema usiitie sukari." Mimi huita huo uongo. Yeye huuita adabu, na tumeshagombana sana juu ya hilo.

Kwa jirani yake, Bi Mwanakuu, alitafsiri kitu kingine. Kulikuwa na mchezo wa televisheni uitwao Safari ya Zohali, wa watu waliopotea angani ndani ya chombo chao, wakifuata ishara isiyojulikana yatoka wapi, wakitafuta njia ya kurudi duniani. Ulikwenda miaka na miaka. Watoto wa mtaa walizaliwa, wakasoma, wakaoa, na wale bado wamepotea. Bi Mwanakuu na mumewe, Ami Aidarus, fundi wa kushona kanzu, hawakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini hawakukosa sehemu moja. Nabiha alikaa kwenye mkeka baina yao, akiwasemea watu wote wa angani kwa Kimvita.

Siku moja picha ikamwonyesha Nahodha wa chombo na fundi wake wa mitambo, ambaye ni mwanamke, wakiamka chumba kimoja.

"Hawa wameowana lini?" akauliza Bi Mwanakuu. Yeye ni binti wa maalim wa chuo cha Kurani, na mambo kama hayo hayampiti hivi hivi.

Ukweli ni kwamba hawakuwa wameoana. Nabiha akaitazama picha, akawatazama wazee wake wawili, akasema, "Juma lililopita, Khalati. Ni pale stima ilipopotea hapa mtaani, hamukuona."

"Na walii alikuwa nani?"

Hapo ndipo alipokwama. Akili yake ilikuwa imefika kwenye harusi, haikufika kwenye walii. Mwanamke haolewi mpaka aozwe na baba yake, au na mwenye kushika nafasi ya baba, na baba wa yule fundi alipotea tangu mwanzo kabisa wa mchezo. Nabiha akababaika, kisha akasema, "Ni tabibu wa chombo aliyemuoza."

Nyumba ile haikutulia tena. Bi Mwanakuu alishika kwamba nikaha haikusihi, si ndoa halali, kwa kuwa baba mtu hajathibitika kufa. Ami Aidarus alishika kwamba imesihi. Walii aliye mbali kiasi kile hangojewi, alisema, na huko angani kadhi atatoka wapi? Walibishana wakinywa kahawa, wakabishana wakila, na mgeni aliyeingia alitakiwa kwanza aseme yuko upande gani. Kwamba wale si Waislamu hakuna aliyelitaja. Hata alipolazwa hospitali, Ami Aidarus alikuwa akimwambia mkewe, "Lile la nikaha, wewe wanionea tu." Akafariki kabla mchezo haujaisha.

Bi Mwanakuu akakaa eda. Hatoki, hatii wanja, hajifukizi udi, na televisheni ikafunikwa kanga, kwani nyumba yenye msiba haiiwashi. Hayo ni ada na hatukuyastaajabia. Kilichotutia hofu ni kimya chake. Mwanamke aliyekuwa akibishana na wauza samaki, na imamu, na redio, sasa ukimwambia neno lolote alijibu "Inshallah" na kugeukia ukutani. Mwanawe Nasser aliniambia kuwa hata kula ni mpaka abembelezwe. Kitu kimoja tu alikuwa bado akikiuliza, kila Nabiha alipokwenda kumtazama: "Wale wa angani washafika?"

Kwa hiyo sehemu ya mwisho ilipotoka, tuliitazama kwa kompyuta ya Jana, binti yake Nabiha, ili Nabiha aende akamsimulie. Mimi si mtu wa michezo ya angani. Naona watu wazima wamevaa nguo za kubana wakibonyeza vidude. Lakini ile, wallahi, ilikamilika. Walifika wote, hakuna aliyeachwa nyuma, na hakuna aliyekufa kwa ajili ya kututoa machozi tu. Ishara waliyoifuata miaka yote ikajulikana inatoka wapi. Aliyekuwa akiituma ni baba wa yule fundi wa mitambo. Alikuwa hai, mzee kabisa, na hakuizima hata siku moja akitumaini mwanawe ataisikia. Alipofungua mlango akamwona, nililia, na sioni haya kulisema.

Kisha yule mzee akaushika mkono wa binti yake, akautia katika mkono wa Nahodha. Wakafunga ndoa pale pale, mbele ya watu wote wa chombo.

Yule binti, Jana, alipiga makofi. Mama yake alijishika kichwa. "Wifi, nimekwisha," akaniambia. "Nilishawaoza mimi."

Nikamwambia amwambie ni walima tu, karamu ambayo hawakuwahi kuifanya. Akasema harusi ndiyo utamu wote wa mwisho ule, na akiificha atampelekea Bi Mwanakuu makapi. Akiisema, bibi atajua kwamba miaka yote amemhurumia yule mwanamke kwa ndoa aliyoizua Nabiha, na marehemu ameingia kaburini akiitetea nikaha ambayo haikuwako. "Hatanisikiliza tena," akasema. Aliogopa kweli.

Kesho yake baada ya alasiri tukaenda pamoja. Bi Mwanakuu alikuwa amelala ubavu. Tukamsalimu, tukambusu mkono, na Nabiha akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri kuliko nilivyopata kumsikia. Alipofika kwa mzee kufungua mlango, bibi aligeuka kutoka ukutani.

"Yule baba yu hai?"

"Yu hai, Khalati."

"Enhe. Kisha?"

"Kisha akawafanyia karamu kubwa."

"Karamu tu? Hakuwaoza?"

Nabiha alinitazama. Mimi nilitazama mkeka.

"Alimshika mkono," akasema hatimaye, "akautia katika mkono wa Nahodha. Akamuoza mbele ya watu."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanakuu, akafumba macho. "Moyo wangu sasa umetua. Sikuwa nikilala vizuri kwa ajili ya mwana yule. Si nilisema ile ya kwanza si nikaha? Si nilisema?"

Kisha uso ukamwanguka.

"Aidarus angekuwapo ningemwambia. Sasa nimeshinda, na wa kumwambia simuoni."

Akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu maziko. Nabiha sasa alitaka kuungama uongo wake, na nilimwona akitafuta pa kuanzia. Lakini alipofungua kinywa, alitoa jambo jingine kabisa.

"Mimi naona Ami alikuwa na haki," akasema. "Ile ya kwanza ilisihi. Hii ya baba ni ya kutia baraka tu."

Bi Mwanakuu akainua kichwa. "Wasemani wewe?"

"Baba alikuwa mbali. Walii aliye mbali hangojewi."

"Mbali si kufa. Nani alokufundisha hayo, Aidarus? Aidarus alikuwa fundi wa kanzu, hakuwa kadhi." Akajivuta, akaketi, akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Hebu niambia, yule tabibu alipawa idhini na nani?"

"Na bibi harusi mwenyewe."

"Astaghfirullahi. Mwanamke ajitolea idhini mwenyewe? Wewe umesoma chuo gani?"

Sauti ilifika barazani. Nasser akaja mbio mpaka mlangoni akidhani kuna jambo, nikamwashiria asiingie. Akasimama pale pale, kiganja kinywani, akimsikiliza mamake akigomba. Walibishana mpaka adhana ya magharibi, na Nabiha, kwa niaba ya Ami Aidarus, hakukubali kushindwa hata mara moja.